Kusubiri kwa Kinorwe

Mimi ni mkali, sikatai. Nikifundisha hupiga meza kwa kijiko, na kijiko chenyewe kimepinda shingo kwa ajili ya vitenzi vya watu wa kaskazini. Lakini msimu ule wa baridi, jikoni kwa dadangu huko Lozells, Birmingham, ukali wangu haukuwa wa mwalimu tu. Nilikuwa naogopa. Binti aliyekaa mbele yangu alikuwa amebakiwa na nafasi moja, na akiikosa hiyo, kazi aliyoililia ingekwenda kwa mwingine.

Binti huyo ni mkunga. Amesomea hapa hapa Birmingham, akafanya kazi hospitali upande wa Edgbaston, kisha akapata ahadi ya kazi kwenye hospitali ya mji mdogo huko Norwe. Walimtaka, ila kwa sharti: apite mahojiano ya lugha kwa njia ya kompyuta. Mara ya kwanza alianguka. Maswali ya kawaida aliyajibu vizuri, mpaka alipoambiwa asimulie jambo lililopita. Hapo akaondokea Kinorwe, akapitia Kidenmaki, akaishia Kiswidi. Yule mama aliyemhoji alimwambia kwa upole kwamba anachanganya, na mkunga akichanganya anapoeleza yaliyotokea usiku, wenzake wa zamu ya asubuhi hawatajua mzazi ana hali gani. Wakampa nafasi ya pili. Wakasema wazi ya tatu haipo.

Kuchanganya kwake hakukutoka hewani. Kulitoka kwetu. Mimi na dadangu ni watoto wa Mombasa, na ndoa ndizo zilizotutupa kule kwenye theluji: yeye Kopenhagen, mimi Malmö, nchi mbili na daraja moja katikati. Binti huyu nilimzaa mimi, Malmö. Akalelewa na dadangu, Kopenhagen. Kwetu hilo si jambo la kumshangaza mtu. Dada alikuwa na miaka mingi kwenye ndoa na hajapata mtoto, mimi nilikuwa nao watatu, na mama yetu akanipigia simu kutoka Mombasa akasema, "Mpe dada'ko mmoja alee." Nikampa. Mtoto alikuwa na miaka minne. Tangu siku hiyo dada akawa Mama, na mimi nikawa mama mdogo.

Hakufichwa. Alijua toka utotoni nani alimzaa na nani alimlea. Ila halikuwa jambo la kuzungumzwa. Lilikaa nyumbani kama kabati kubwa: unapita pembeni yake kila siku, hulisukumi. Baadaye mimi nilihamia Norwe nikafanya kazi miaka mingi kwenye nyumba ya wazee, na huko ndiko nilikojifunza Kinorwe, kwa kuwalisha uji na kuwasikiliza wakisimulia ujana wao. Dada na mumewe, Mungu amrehemu, wakahamia Birmingham ili mtoto akue karibu na msikiti na jamaa. Wanangu wa kiume walipojitegemea, nami nikaja. Nikapata nyumba Kingstanding, mbali kidogo, basi za kubadilisha. Dada alisema, "Ungekaa karibu." Nikamwambia nyumba za karibu zimejaa. Hazikuwa zimejaa.

Basi mtoto alikuwa na Kidenmaki cha nyumbani, Kiswidi cha likizo alipokuja kucheza na kaka zake, na Kinorwe changu cha kijiko. Watu husema hizo lugha ni moja, na kweli zina undugu. Mswidi na Mnorwe wanaweza kukaa meza moja, kila mtu na lake, wakaelewana mpaka chai ikaisha. Na ndipo ulipo mtego: kwa kuwa unaeleweka, hakuna anayekurekebisha. Unazeeka na makosa yako, wanakuchekea tu.

Chukua kusubiri. Ukitaka kusema mtu alisubiri, Mswidi atasema väntade, anaivuta mpaka mwisho kama anayeimba. Mdenmaki ataandika ventede, lakini akitamka anaimeza nusu, utadhani anaongea huku ana haluwa mdomoni. Mnorwe anasema ventet, basi, kamaliza. Chukua kulia: alilia ni grät, ni græd, ni gråt, inategemea uko upande gani wa maji. Kuchukua ndiko kulikomtesa zaidi. Uswidi na Denmaki wote husema tog, na huyu mtoto alikuwa na tog mbili kichwani dhidi ya tok moja ya Kinorwe. Kila aliposimulia, zile mbili zilishinda.

"Nilimsubiri daktari," nilimwambia siku moja. "Sema."

"Jeg ventede—"

Kijiko mezani, pa! "Ventet!"

"That's what I said, mama mdogo."

"Umesema ya Denmaki. Rudia."

"Nime-try, jamani. Mimi si robot."

Na hapo ndipo dada alipoingia na sahani ya mahamri, kama alivyokuwa akiingia kila tukianza kupata mwendo. "Ventede," akasema, akimwekea mtoto mahamri mawili. "Mbona unamkatia maneno? Mie nimemfunza maneno mazima, wewe unamfunza vipande."

Ningefanyaje? Jiko lake, mahamri yake, na yeye ndiye mkubwa. Mkubwa kwetu hafukuzwi, husubiriwa aondoke mwenyewe. Akawa haondoki. Akavuta kiti, akakaa, akaanza kusahihisha Kinorwe kwa Kidenmaki, na mtoto akawa ananiitikia mimi kwa jicho na yeye kwa kichwa. Nilirudi Kingstanding siku hiyo nimekasirika hata nikapitiliza kituo.

Nikabuni ujanja. Nilimtungia safari ya kusimulia: siku waliyokwenda ufukweni Wales, mwewe wa bahari akaja akawanyang'anya chipsi. Aliirudia mpaka ikawa laini. Alikwenda, alikula, alikimbia, alichukua, kila kitenzi na mkia wake wa Kinorwe. Nilianza kupata matumaini. Kisha, wiki ya mtihani wenyewe, nikamkuta dada amekaa naye sebuleni, anamsimulisha safari ile ile upya, kwa mikia ya Denmaki, polepole, kwa mapenzi, kama anayemsuka nywele.

Likanitoka. "Dada, unamharibia mtoto!"

Hakupandisha sauti. Aliniangalia tu, akauliza, "Mtoto wa nani?"

Lo! Mtoto, mwanamke mzima ambaye amepokea watoto wa watu kwa mikono yake, alikuwa anatazama kikombe chake utadhani kimeandikwa kitu ndani. Jibu nilikuwa nalo kwenye ulimi. Nilikuwa nalo miaka yote hiyo. Nikachukua koti langu nikatoka.

Nilikuwa kituoni, nalia kwa hasira, pua inachuruzika, wakati niliposikia viatu vinakimbia. Ni yeye, bila koti, ameshika skafu yangu mkononi.

"Umeisahau," akasema. Akanifunga shingoni mwenyewe, kwa nguvu kidogo. "Come back tomorrow, mama mdogo. Please. Na kijiko chako."

"Mama yako hanitaki pale."

"Mama anaogopa. Na wewe unaogopa. Mimi nifanye nini?" Basi ikaja. Hakunipa nafasi ya kujibu, akanisukuma ndani kama anavyosukuma wanawake kwenye viti vya magurudumu.

Nikarudi kesho yake. Dada alinifungulia mlango, akasema karibu, nikasema ahsante, na kabati letu tukalizunguka kama kawaida.

Siku ya mahojiano, asubuhi, mtoto alitandika chumba chake cha juu, akaweka kompyuta juu ya meza ya kujipambia, akavaa hijabu ya buluu aliyonunua kwa ajili ya siku hiyo. Sharti walilompa lilikuwa moja: awe peke yake chumbani. Nilimweleza dada. Nilimweleza kwa adabu, nimeshika mikono mbele.

"Nimesikia," akasema, akakaa kitandani na tasbihi yake, nyuma kabisa ya kompyuta. "Sitasema neno. Siwezi kumwacha peke yake na wale watu. Mara ya kwanza alikuwa peke yake, mmeona yaliyompata."

Mtoto alinitazama. Mimi nikatazama ukuta. Ni nani wa kumwambia mwanamke yule atoke? Si aliyelelewa naye, wala si aliyemzalia. Na tusidanganyane, mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama mlangoni, mguu mmoja ndani.

Yule mama wa Norwe akatokea kwenye kioo cha kompyuta. Hatukumwona, tulisikia sauti yake tu, ya mtu mzima, isiyo na haraka. Akauliza habari za hali ya hewa. Mtoto akajibu vizuri. Akauliza kazi yake ya sasa. Akajibu vizuri. Lakini macho yake, jamani! Yalikuwa hayatulii. Mara kwa dada, ambaye midomo yake ilikuwa inakwenda kwa dhikri, Subhanallah, Subhanallah. Mara chini, kwa sababu dada alimfunza kwamba mtu mzima akikusemesha hukodolei macho usoni. Mara tena kwa dada. Nilijiweka mahali pa yule mama nikaona anachokiona: msichana anayetazama midomo ya mtu, kisha anatazama chini kama anasoma, kisha anajibu.

Swali likaja. "Samahani. Kuna mtu chumbani?"

Mtoto akisema hapana, ni uongo, na dada angekohoa tu ungejulikana. Akisema ndiyo, sharti limevunjwa.

"Ndiyo," akasema. "Mama yangu."

Yule mama akasema kwamba anaelewa, ila ama chumba kiwe kitupu sasa hivi, ama wafunge hapo hapo. Mtoto hakugeuka. Aliangalia mbele, shingo imekaza, na nikajua hatasema. Angeiacha Norwe yote iende kabla hajafungua mdomo kumwambia Mama ondoka.

Dada aliyaelewa hayo bila kutafsiriwa. Akainuka, magoti yakalia, akaja akanishika mkono juu ya kiwiko. "Twende," akaninong'oneza. "Tunamharibia mtoto."

Alifunga mlango yeye mwenyewe, polepole, mpaka kitasa kikashika. Tukakaa kwenye ngazi, bega kwa bega, wanawake wawili wanene kwenye ngazi nyembamba. Nyumba za Lozells milango yake ya ndani ni kama karatasi, kwa hiyo mimi nilisikia kila kitu. Dada masikio yake yamezeeka. Yeye alisikia mvumo tu.

Wakaanza upya. Maswali, majibu. Kisha yule mama akasema, "Nisimulie safari unayoikumbuka."

Nikambana dada mkono. "Mwewe," nikasema. "Mwewe wa chipsi." Na kweli ikaanza, Wales, ufukwe, kila mkia mahali pake. Nilikuwa tayari nashukuru Mungu wakati yule mama alipomkatiza. Alicheka kidogo. Alisema ni nzuri sana, lakini hii umeihifadhi. Nisimulie nyingine, ambayo hukuitayarisha. Ya utotoni, labda.

"Mbona kimya?" dada akauliza.

"Anafikiri."

"Amesahau?"

"Anafikiri, dada!"

Ndipo nikamsikia. Sauti ilikuwa nyingine, ya chini, isiyo na mazoezi. Alikuwa na miaka minne, alisema. Walikuwa wanakaa Malmö. Nilikuwa nimejiambia miaka yote kwamba hakumbuki. Miaka minne, mtoto atakumbuka nini? Nilikuwa nalalia maneno hayo kama mto.

Mama yangu alinivalisha koti jekundu, akasema. Mama yangu alinisuka, akavuta sana, nikalia. Gråt. Safi, ya Kinorwe. Tulisubiri treni, ventet, na kulikuwa na upepo. Tulivuka daraja, mama yangu akanionyesha meli. Upande wa pili, mama yangu alikuwa ametusubiri na puto. Alinichukua. Tok. Si tog, wallahi, tok. Mama yangu akarudi na treni. Glavu yangu moja ilibaki mfukoni mwake. Nikasimama dirishani kila siku kumsubiri ailete. Mama yangu akaja akasimama na mimi dirishani.

Glavu hiyo ninayo. Iko Kingstanding kwenye droo ya soksi, na sikuwahi kumwambia mtu.

"Samahani," yule mama wa Norwe akasema, na nikasikia kalamu inagonga meza. "Sikufuata hapo. Mama yako alirudi na treni, au alikuwa na wewe dirishani?"

"Ndiyo," mtoto akasema.

"Yupi?"

"Mama yangu alirudi na treni. Na mama yangu alikuwa na mimi dirishani."

Ni hili hili lililomwangusha, kwamba ukisimulia hueleweki! Sema tante, nilimwambia moyoni. Neno moja tu, mwanangu, mama mdogo, tante, lipo Denmaki na Norwe, na ni lile lile. Umeniita hivyo maisha yako yote, niite na leo, upate kazi yako uende! Nilikuwa tayari kugonga mlango. Dada alinishika goti. "Kuna nini? Anasema nini?"

"Anasimulia ulivyokwenda kumpokea stesheni."

Uso wake ukafunguka. "Na puto?"

"Na puto."

"Njano," dada akasema. "Nilizunguka mji mzima nikiitafuta njano."

Ndani, yule mama nadhani alikuwa anaandika. Akampa nafasi nyingine. Akamuuliza taratibu, kwa sauti ya mtu anayekusogezea kiti ukae: unataka kurekebisha chochote katika ulichosimulia?

"Hapana," mtoto akasema.

Sijui tulikaa muda gani. Dada alikuwa anahesabu tasbihi na mimi nimeishika ncha ya pili, tunaivuta bila kujua. Kisha yule mama akasema kwamba uamuzi ni wake na hana sababu ya kumweka roho juu. Kinorwe chake kimetulia, mambo yaliyopita anayasimulia vizuri sana sasa, tofauti kabisa na mara ile. Amepita. Mkataba utakuja. Lakini kuna jambo moja ambalo lazima amweleze, kwa sababu litamsaidia kazini: kwenye simulizi ile alichanganya watu wawili.

"Nei," mtoto akasema, na safari hii sauti ilipanda mpaka dada akainua kichwa. "Jeg blandet dem ikke."

Sikuwachanganya.

Yule mama akasema haya, sawa, akamtakia siku njema.

"Amesema nini?" Dada alikuwa ameshanishika mikono yote miwili. "Amepita? Niambie, mbona unalia? Ameanguka?"

"Amepita, dada."

"Alhamdulillahi." Akajifunika uso na mtandio. Alilia kwa furaha, kisha akalia kilio kingine, maana sasa mtoto anaondoka kweli, na hicho mimi nilikijua sana, nilishakilia kwenye treni ya kurudi Malmö. Nikamwekea mkono mgongoni. Alipotulia akajifuta, akauliza, "Na hilo la mwisho? Nimemsikia amepandisha sauti. Nani amemuudhi?"

"Hakuna. Ameambiwa kuna mahali alikosea. Amesema hakukosea."

"Hakukosea," dada akasema, kwa maringo. "Mie ndiye niliyemlea, namjua. Akisema hakukosea, hakukosea."

"Kweli, dada," nikamwambia.

Mlango wa juu ukafunguka nyuma yetu. Dada akashika reli ya ngazi akainuka, akampandia mikono wazi. Mimi nilibaki nimekaa pale pale, mpaka nilipomsikia mtoto anashuka, anapita pembeni ya Mama yake, anakuja kukaa ngazi ya chini yangu.